Ukienda kusoma Kichina usiikimbie fasihi

Kila mwaka matokeo ya form six yakishatoka tu meseji zinaanza kumiminika na karibu zote zinafanana, "shikamoo dada, eti Kichina kinalipa?", "dada nimepata nafasi ya China niende au nisubiri kozi nyingine?", juzi hata mama mmoja kaniandikia kwa niaba ya mwanae, anataka kujua mtoto akimaliza atapata kazi au atarudi kukaa nyumbani. Nikaona bora niandike mara moja na niandike kwa kirefu, anayefuata nimwelekeze hapa.

Jibu fupi ni ndio, nenda. Ila kuna swali ambalo hakuna anayeniuliza na mimi ndio naliona kubwa kuliko yote: unaenda kusoma Kichina cha namna gani? Maana ukishavuka mwaka wa pili njia zinagawanyika, kuna wanaoingia upande wa biashara na kuna wanaobaki na lugha yenyewe pamoja na fasihi na utamaduni, na watu wetu karibu wote wanakimbilia biashara bila hata kusoma majina ya masomo yaliyopo upande wa pili. Mi nilibaki upande wa pili. Na leo ukinirudisha pale mlangoni nitaingia huko huko.

Nieleze kwanza ninakotoka. Kichina nilianzia hapa hapa Mlimani, kwenye Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ilifunguliwa 2013 kwa ushirika na Zhejiang Normal University. Hicho chuo kiko mji unaitwa Jinhua, mkoa wa Zhejiang, mashariki ya China, kwa hiyo wengi wetu tukipata skolashipu tunaishia huko. Nairobi wao walitutangulia, taasisi yao pale University of Nairobi ilianza 2005 na ndio ya kwanza Afrika. Kwa hiyo hii habari ya Waswahili kukaa darasani kuandika herufi za Kichina sio ngeni tena, tunakaribia kizazi cha pili.

Miaka miwili ya kwanza hakuna maajabu, ni kazi tu. Unasoma somo kuu wanaliita zonghe, yaani mchanganyiko wa kila kitu, alafu kuna kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika, na herufi. Asubuhi mnasoma, jioni unaandika herufi mpaka mkono unakufa ganzi, kesho yake imla. Kuna mtihani wa HSK, wa kupima Kichina cha wageni, ambao ndio kila mtu anautaja, kwenye ule mfumo wa ngazi sita, ngazi ya kwanza ilikuwa maneno 150 na ya nne maneno 1,200 na ya sita maneno 5,000, tangu 2021 wametangaza mfumo mpya wa ngazi tisa, lakini ukiongea na wanafunzi bado wanahesabu kwa ule wa zamani. Herufi zenyewe, serikali yao ilitoa orodha ya zile za kawaida mwaka 1988, ziko 3,500. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ila ni kazi ya kila siku kidogo kidogo, haitaki akili ya ajabu, inataka mtu asiyechoka upesi.

Sasa mwaka wa tatu ndio kasheshe. Unapewa fomu ya kuchagua, upande huu uchumi na biashara, barua za kibiashara, mazungumzo ya mikataba, upande huu Kichina cha kale, fasihi ya kale, fasihi ya kisasa, historia na utamaduni. Na Jinhua kushawishika na biashara ni rahisi sana kwa sababu Yiwu iko hapo hapo, kiutawala ni sehemu ya Jinhua, ule mji wa soko ambao kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaujua hata kama hajawahi kufika, vijora, vidude vya jikoni, midoli, mapambo ya harusi, yote yanatoka pale. Wanafunzi wetu wikiendi wanaenda kutafsiria wafanyabiashara waliotoka Dar na Mombasa na Lubumbashi, wanapata hela yao, wanarudi chuoni Jumapili usiku. Ni kazi halali na inasomesha watu, mi mwenyewe nimeifanya sana. Kwa hiyo ikija ile fomu mtu anajiuliza mashairi ya kale ya nini wakati soko liko pale.

Subiri nikwambie kitu kuhusu hiyo Yiwu. Shairi ambalo karibu kila mtoto wa China analifundishwa kabla hajaanza hata shule limetungwa na mtu wa Yiwu. Anaitwa Luo Binwang, aliishi karne ya saba, enzi za ukoo wa kifalme wa Tang, na inasimuliwa kwamba alilitunga akiwa na miaka saba. Lina herufi 18 tu. Linaanza e, e, e, yaani bata bukini, bata bukini, bata bukini, shingo imejikunja inaimbia mbingu, manyoya meupe yanaelea juu ya maji ya kijani, miguu myekundu inapiga kasia kwenye mawimbi maangavu. Huyo mtoto alikuja kuwa mmoja wa washairi wanne wakubwa wa mwanzo wa Tang, na mwaka 684 akajiunga na uasi dhidi ya Wu Zetian, yule mwanamke aliyekuja kujitangaza mfalme, na tangazo la uasi aliliandika yeye. Nimekaa na wafanyabiashara wa Yiwu kwenye chai, mtu amekushikia bei ya kufuli za mabegi hataki kushuka hata senti, ukianza tu "e, e, e" mjukuu wake anakurukia anamalizia, mama anacheka, babu anamimina chai nyingine. Sisemi bei inashuka, wakati mwingine inashuka wakati mwingine haishuki. Nasema kuanzia pale unaongea na mtu mwenye kwao, na yeye anaona anaongea na mtu mwenye kwao.

Haya, nije kwenye jambo ambalo ndio hasa limenifanya niandike. Mtoto wa Kitanzania au Mkenya aliyesoma Kiswahili sekondari, aliyehenyeshwa na mizani na vina na mishororo mpaka akachoka, huyo mtoto ameshaandaliwa kwa ajili ya mashairi ya Tang na hakuna aliyemwambia. Wenzangu darasani walitoka nchi mbalimbali na wengi wao mwalimu alipoanza kueleza sheria za utunzi waliona kama anafundisha hesabu, mi nilikuwa nasikia mambo ya nyumbani. Angalia. Kila herufi ya Kichina ni silabi moja, kwa hiyo ukihesabu herufi umeshahesabu mizani. Shairi linaloitwa lüshi lina mishororo minane, kila mshororo mizani mitano au saba, haiongezeki haipungui. Mshororo wa mitano unakatika mbili kwa tatu, wa saba unakatika nne kwa tatu, yaani una pumziko la katikati kama sisi tulivyo na ukwapi na utao. Vina vinakaa mishororo ya shufwa, wa pili, wa nne, wa sita, wa nane, na kina ni kimoja tu toka mwanzo mpaka mwisho, ndio kile kile tunachokifanya kwenye utenzi ambapo kipande cha nne cha kila ubeti kinabeba kina kimoja utenzi mzima. Alafu wao wanaongeza kitu ambacho sisi hatuna, toni zao wamezigawa makundi mawili, tambarare na zilizopinda, na kuna sheria kundi gani likae nafasi ipi kwenye mshororo, hiyo hata ukiijua kwa kichwa inachukua muda sikio kuikamata.

Na kuna sheria nyingine mi ndio naipenda kuliko zote. Mshororo wa tatu na wa nne lazima vilingane, na wa tano na wa sita pia, jina likae mkabala wa jina, kitendo mkabala wa kitendo, namba mkabala wa namba. Chukua Du Fu, mshairi wa enzi hizo hizo za Tang. Mwaka 755 jenerali An Lushan aliasi, nchi ikaingia kwenye vita, mji mkuu Chang'an ukaanguka, na Du Fu akajikuta kakwama ndani ya mji uliotekwa, familia iko mbali. Mwaka 757 akatunga shairi la kutazama majira ya machipuko. Mshororo wa kwanza anasema nchi imevunjika, milima na mito ipo. Ndio hivyo tu, herufi tano. Alafu anakuja kwenye ile mishororo ya kulingana, wa tano anasema mioto ya vita imeungana miezi mitatu, wa sita anasema barua ya nyumbani thamani yake ni dhahabu elfu kumi. Moto wa vita umekaa mkabala wa barua ya nyumbani, tatu mkabala wa elfu kumi, miezi mkabala wa dhahabu. Hajasema nina huzuni, hajasema nawakumbuka wanangu, amekuwekea vitu viwili uso kwa uso akakuacha. Nilisoma lile shairi niko bwenini Jinhua, simu ya nyumbani ilikuwa haipatikani wiki nzima kwa sababu ya mtandao kule kwetu, sikuhitaji mtu anieleze maana yake.

Mtu atasema aah lakini ukisoma kwa Kichina cha leo vina vyenyewe havipatani. Ni kweli, hilo shairi la Du Fu lina vina vinne, shen, xin, jin, zan, na sikio la leo linasita hasa pale mwisho. Sababu ni kwamba matamshi yamebadilika kwa miaka zaidi ya 1,200, zamani vilipatana. Watu wa Guangdong wanaozungumza Kikantoni bado wanayo baadhi ya sauti za zamani ambazo Kichina sanifu kimezipoteza, kwa hiyo kuna mashairi ya Tang yanasikika vizuri zaidi kwa lahaja yao. Na hapa tena Mswahili haoni ajabu, si ndio sisi tukisoma tenzi za zamani za Pate na Lamu tunakuta maneno na matamshi ya Kiamu, unajua kabisa shairi ni la lugha yako lakini limevaa nguo za wazee. Anayejua hilo kwa lugha yake hashtuki kulikuta kwa lugha ya watu.

Jinhua yenyewe ina mshairi wake wa heshima ingawa hakuzaliwa pale. Li Qingzhao, mwanamke, alizaliwa 1084 huko kaskazini, Shandong. Mwaka 1127 jeshi la dola ya Jin kutoka kaskazini liliteka Kaifeng, mji mkuu wa wakati huo, watu wakakimbilia kusini, mwaka 1129 mumewe akafariki, mikusanyo yao ya vitabu na vitu vya kale ikapotelea njiani kidogo kidogo, na mwaka 1134 akafika Jinhua akiwa mkimbizi. Pale mjini mito miwili inakutana, na kuna jengo la ghorofa juu ya jukwaa refu la mawe wanaliita Bayonglou, limejengwa upya mara kadhaa ila bado lipo, unapanda ngazi unaona maji. Yeye aliandika kwamba amesikia Shuangxi, yaani hiyo mito miwili, machipuko bado ni mazuri na alikuwa anafikiria kwenda kupanda mashua, ila anaogopa ile mashua ndogo haitaweza kubeba huzuni yake yote. Nilikuwa napita pale na daladala zao kwenda sokoni.

Aina ya shairi aliyotunga inaitwa ci, na hii watu wa pwani mtaielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu ci ni maneno yanayotungwa kuingia kwenye wimbo ambao tayari upo. Sauti ipo, urefu wa kila mstari umeshapangwa na wimbo, mrefu mfupi mrefu, mshairi kazi yake ni kumwaga maneno yake mle ndani bila kuvunja, na jina la shairi linabaki jina la ule wimbo hata kama maneno hayahusiani nalo kabisa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya taarabu anajua kazi hiyo ni nini, anajua maneno yanavyonyooshwa yakae kwenye sauti. Mimi nadhani huwezi kumfundisha mwanafunzi wa Zanzibar au Tanga habari ya ci bila kumwambia hili, na vitabu tulivyotumia, ambavyo vimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kutoka popote, haviwezi kulisema. Na wakati nasoma Li Qingzhao nilikuwa namwaza Mwana Kupona, aliyeandika utenzi wake kwa binti yake mwaka 1858, mazingira tofauti kabisa, karne tofauti, ila wanawake wawili ambao maandishi yao yamekaa kwa sababu watu waliyahifadhi vichwani na kuyanakili kwa mkono. Hiyo ni mada ya mtu kuandikia tasnifu, nani yuko tayari?

Fasihi ya kisasa nayo usiidharau. Mtihani wa kifalme, ule wa kupata kazi serikalini kwa kukariri vitabu vya kale, ulifutwa 1905 baada ya kudumu zaidi ya miaka elfu, na kizazi kilichofuata kikaamua kuandika kwa lugha watu wanayoongea. Msomi mmoja, Hu Shi, akaandika mapendekezo yake 1917, mwaka uliofuata Lu Xun, mzaliwa wa Shaoxing, huko huko Zhejiang, akatoa hadithi ya kwanza kubwa kwa lugha hiyo mpya. Huyu alikuwa anasomea udaktari Japani, akauacha mwaka 1906 akaamua kuandika. Ana hadithi fupi ya 1919 ya bwana anaitwa Kong Yiji, kasoma maisha yake yote, mtihani hata ule wa chini hakufaulu, amebaki na kanzu yake refu chafu ya wasomi, anakunywa pombe amesimama na vibarua kwa sababu hela ya kukaa ndani hana, na kanzu hataki kuivua. Mwanzoni mwa 2023 vijana wa China wenye digrii na wasio na kazi wakajaa mitandaoni wakijiita Kong Yiji, wakisema elimu ni kanzu ambayo hawawezi kuivua. Hadithi ya zaidi ya miaka mia moja ikawa lugha ya mjadala wa ajira wa nchi nzima, na Mtanzania aliye pale na HSK yake ya ngazi ya sita lakini hajasoma Lu Xun alikuwa anasoma maneno yote anaelewa na mjadala unampita. Hilo limenitokea mbele ya macho na wenzangu, watu wanaoongea Kichina safi kunizidi mimi.

Alafu kuna Ai Qing, huyu ni mtoto wa Jinhua kabisa, kazaliwa 1910. Mpiga ramli aliwaambia wazazi wake huyu mtoto atawaletea balaa, wakampeleka kwa mama masikini wa kijijini amnyonyeshe na kumlea mpaka miaka mitano. Mwaka 1933 akiwa gerezani Shanghai akaandika shairi refu la kumkumbuka yule mama, halina vina, halina mizani. Sasa hapa mtu aliyesoma Kiswahili anakumbuka ule ugomvi wetu wa miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974 na wazee wakasema hili sio shairi. Wachina walishagombana hivyo hivyo nusu karne kabla yetu. Nilipoandika insha darasani kulinganisha mijadala hii miwili mwalimu wangu, mtu mzima aliyefundisha fasihi miaka mingi, aliniita ofisini akaniuliza maswali saa nzima, alitaka kujua wazee walisema nini, vijana walijibu nini, mizani inahesabiwaje. Hakuwa amewahi kusikia kwamba Waswahili wana sheria za ushairi zilizoandikwa. Na mimi nilitoka pale nimejua kwamba sikuja China kupokea tu.

Tuje kwenye kazi maana najua mama yule anasubiri. Mi naishi kwa ukalimani na kufasiri. Mkutano wowote wenye Mchina mwenye cheo, uwe wa barabara, uwe wa hospitali, hotuba ya ufunguzi itakuwa na shairi ndani, na mara nyingi sana ni mstari wa Wang Bo, mshairi mwingine katika wale wanne pamoja na yule wa Yiwu, unaosema ndani ya bahari nne ukiwa na rafiki wa kweli basi ncha ya dunia ni kama nyumba ya jirani. Mkalimani asiyeujua anasikia herufi kumi zimepita kwa kasi hazina kitenzi anachokitambua, anasema "amesema urafiki ni mzuri", ukumbi unakaa kimya. Anayeujua anautoa kwa Kiswahili kilichonyooka na upande wetu wanapiga makofi. Na sio hotuba tu, kwenye kikao cha kazi mhandisi atakuambia usichore nyoka ukamwekea miguu, yaani usiharibu kwa kuongeza kisichohitajika, au unamlinda sungura kwenye kisiki, yaani unangoja bahati ijirudie bila kufanya kazi, hizo ni semi za herufi nne nne na kila moja ina kisa chake kwenye vitabu vya kale vya zaidi ya miaka elfu mbili, nao wanazitumia kama sisi tunavyotumia methali, nusu wanasema nusu wanakuachia umalizie. Hizo semi zinakaa kichwani ukishasoma vile visa, kwenye barua za kibiashara hautakutana nazo. Tofauti ya malipo kati ya mkalimani wa sokoni na mkalimani wa ukumbini mnaijua wenyewe.

Kwa hiyo mama, jibu langu ni kwamba mwanao akichukua fasihi hajachagua njaa. Biashara ya kununua na kuuza ataijifunza Yiwu wikiendi kutoka kwa wafanyabiashara wenyewe, tena vizuri kuliko darasani. Lüshi hakuna atakayemfundisha sokoni.

Mambo ya kuangalia kabla hujasaini. Usiangalie jina la digrii, omba orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne, ukiona hakuna Kichina cha kale hata semista moja basi hiyo ni kozi ya lugha tu imepewa miaka minne. Ule mwaka mmoja wa lugha wanaopewa wanaokwenda kusoma udaktari au uhandisi ni kitu kingine kabisa, usichanganye. Ukiwa Dar au Nairobi au Dodoma na huna mpango wa kwenda China bado unaweza kuanza kwenye taasisi zilizopo, ila ujue mkazo wao mkubwa ni lugha na HSK, fasihi itabidi uidai, na mkiwa wengi mkaidai kwa heshima walimu wanafurahi, wengi wao wamesomea hiyo hiyo fasihi na wamechoka kufundisha "hii ni kalamu". Kwa wale wa Kijapani na Kikorea sina mengi ya kuwaambia ila kanuni naona ni ile ile, Hangul ya Kikorea utaisoma kwa siku chache maana Mfalme Sejong aliitoa 1446 akikusudia kila mtu aiweze, kazi inaanza baada ya hapo.

Na kuna kazi moja inatungoja ambayo hakuna wa kutufanyia. Nyerere alitafsiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, alifanya vile akiwa na nchi ya kuongoza. Mashairi ya Tang kwa Kiswahili, kutoka Kichina moja kwa moja bila kupitia Kiingereza, yenye mizani na vina kamili, nani anayafanya? Mi najaribu usiku usiku. Ile mishororo miwili ya Du Fu niliyoitaja juu, mpaka sasa nimefika hapa:

Miezi mitatu vita, moto haujazimika
Waraka wa kwetu leta, dhahabu sitaitaka

Mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vipo, ila ule mkabala wa namba kwa namba umenishinda kuubeba, na anayeweza kuubeba na aubebe. Pale Mlimani kuna TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na kuna Taasisi ya Confucius, zote ziko kampasi moja, na maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 2018 iko hapo hapo. Ninachokiomba ni somo moja la mwaka wa tatu linalofundishwa na walimu wawili, mmoja wa ushairi wa Kiswahili na mmoja wa fasihi ya Kichina, darasa moja, nusu ya wanafunzi watoke kule wanakosoma Kiswahili Beijing, maana pale Beijing Foreign Studies University Kiswahili kinafundishwa tangu miaka ya 1960. Semista ya kwanza tenzi na lüshi, ya pili ci na nyimbo za taarabu, mtihani wa mwisho kila mtu alete shairi moja alilolivusha upande wa pili likiwa na mizani yake. Nimeshaandika muhtasari wa somo lenyewe, kurasa chache. Mwalimu yeyote wa huko anayesoma hapa na angetaka kuuona aniandikie, ntautuma siku hiyo hiyo.